Kipimajoto Kwenye Kikombe cha Chai

Ilomba, Mbeya
3 Machi 2025

Dada Blandina,

Shikamoo. Habari za Mgololo na zahanati yako? Sisi wazima, ila kifua cha mke wangu Lea kinambana na baridi hii.

Nakutumia mchele na flashi kwa basi. Ni toleo jipya la ile programu huria, ya bure kwa wote, inayolinda friji za chanjo kwa kulia kengele zikipata joto. Unajua sikuiandika mimi; natunza maelekezo ya kuijenga tu, yaani kuiunganisha kwenye kompyuta ya mtu, yanayoikagua kwanza kama ina kila kitu. Zamani ikikosa kipande cha kusoma kipimajoto, ujenzi ulisimama. Watu wakanitukana mtandaoni kila siku: inasimama, inasimama! Nimelegeza. Sasa inaruka kipande na kumaliza. Nimechoka, dada. Napika bure, bado wananitukania chumvi.

Mdogo wako,
Gerson

Mgololo
9 Machi

Gerson,

Marahaba. Kamwene, kwa salamu ya huku. Mchele umefika, na Lea anywe tangawizi, si kulalamika.

Umelegeza kwa sababu ya matusi? Basi wanaotukana ndio mafundi na wewe kibarua wao! Kuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushika paja la mtoto wakati wa sindano? Kazi kuwa ya bure hakukupi ruhusa ya kuiharibu.

Kesho naijenga. Yotamu, mganga wa zahanati ya ng'ambo ya mto, ameshanakili flashi yako. Kompyuta yake ni mkweche kama yangu. Usinipigie simu, tutakatizana maneno. Andika.

Dada yako

Ilomba
12 Machi

Dada,

Shikamoo. Mko salama? Nauliza kwa kumaanisha.

Barua yako ilinikera, nikatafuta kompyuta ya zamani kama zenu, isiyo na kile kipande, nikajenga. Iliandika "Tayari". Nikaweka kipimajoto ndani ya friji yetu, nikachomoa umeme. Kimya. Kipimajoto hakisomwi, kengele imekufa, na kioo kinasema tayari!

Nimekupigia, nimempigia Yotamu. Hampatikani, wanasema mnara wa huko umezimika kwa mvua. Flashi nyingine hiyo hapo. Ile ya kwanza ifuteni. Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako

Ilomba
16 Machi

Dada,

Kondakta anasema kifurushi kilichukuliwa, hakumbuki na nani. Lea ananiambia nipande basi. Kila asubuhi navaa viatu, kisha navivua. Naogopa kujua.

Mdogo wako

Mgololo
18 Machi

Gerson,

Mimi mzima, na flashi ya pili imefika. Kaa chini usome.

Kila nikiweka toleo jipya, natumbukiza kipimajoto kwenye kikombe cha chai ya moto. Kengele ikilia, nakunywa chai. Jumatatu ile nilikaa mpaka chai ikapoa. Nikarudi kwenye karatasi, naandika joto asubuhi na jioni. Friji yangu salama.

Nikataka kumwahi Yotamu. Daraja lilikuwa chini ya maji, nilivuka Alhamisi. Umeme wake ulikuwa umekatika tangu Jumanne, friji ina nyuzi kumi na tisa, na chanjo hazitakiwi kupita nane. Karatasi alishaacha, "si kengele ipo, dada?" Tunaishi mlangoni kwa kiwanda cha karatasi na mtu kaacha karatasi! Nilimfokea mpaka akalia.

Jumatano alichanja watoto kumi na mmoja. Sindano haitawadhuru, ila huenda haiwakingi. Lazima warudiwe. Ijumaa tunaanza nyumba kwa nyumba. Mama zao watauliza kwa nini, na mimi sitasema "kompyuta". Kompyuta haikulegeza kitu.

Njoo useme mwenyewe.

Dada yako

Ilomba
20 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii naileta mwenyewe, kwa kuwa najijua: nikifika mlangoni kwako sitapata sauti.

Nimerudisha ujenzi usimame. Tena nimeongeza chai yako: kabla ya kumaliza, inamwamuru mtu apashe kipimajoto moto, na kengele isipolia, haimalizi. Wamenitukana tangu jana. Sijawajibu.

Nimeandika kwenye karatasi maneno ya kuwaambia wale mama. Nimeyafuta mara nne. Yaliyobaki ni haya: mimi ndiye niliyelegeza, naomba nimshike mtoto wakati dada anachoma.

Mdogo wako,
Gerson