Jezi Namba Saba Ina Mwenyewe

Jumapili. Mvua ilianza saa nane na nusu kama ilivyo desturi yake hapa Kisii, na imekoma sasa hivi. Viatu vyangu viko mlangoni na udongo wote wa Keumbu. Nina hasira. Si jambo ninalolizoea, kwa hiyo nitaiandika kwa mpangilio ili nione ni ya nani.

Asubuhi alinipigia simu Mwalimu Moraa. Ndiye kocha wa voliboli wa shule ya wasichana iliyotwaa ubingwa wa kanda siku tisa zilizopita, kule upande wa Nyamira. Hakuwa na muda wa salamu.

"Kaka, habari yako imeleta kesi," alisema. "Kuna mzee Keumbu amemkataza binti yake asije kambini. Anasema gazeti halimjui huyo mtoto."

Shule zimefunga, lakini timu inarudi kesho kuanza kambi ya mashindano ya kitaifa. Asiyefika kesho hachezi. Ndiyo sababu nilichukua mwavuli nikaenda.

Kesi yenyewe ni hii. Binti anaitwa Kemunto, yuko kidato cha tatu. Baba yake anauza ndizi kwa jumla sokoni na ni mzee wa kanisa la Waadventista. Alimruhusu aende mashindanoni siku nne kwa sharti moja: fainali ikiisha Ijumaa alasiri, jua lisizame kabla hajafika nyumbani, maana Sabato huanza hapo. Kemunto alifika Jumamosi saa sita mchana, akitembea kutoka barabarani na malapa ya kuazima, huku kanisa zima likitoka ibadani na kumtazama. Alieleza kwamba walishinda, kwamba basi la shule liliondoka na wageni pamoja na kombe, na kwamba wachezaji walilala madarasani kwa wenyeji wao mpaka liliporudi asubuhi.

Baba yake hakumwamini. Msichana wa miaka kumi na saba analala nje, anarudi na malapa yasiyo yake, halafu anasema lawama ni za basi. Mzee alisema atasubiri gazeti.

Jumanne gazeti lilifika, na habari ilikuwa yangu.

Nimeisoma upya kabla ya kuandika hapa. Ina aya tisa. Mwalimu mkuu ametajwa mara nne. Mheshimiwa aliyetoa kombe ametajwa mara tatu, na mwenyekiti wa bodi mara mbili. Mwalimu Moraa ametajwa mara moja. Wachezaji kumi na wawili wameitwa "vipusa", basi. Katika picha, wakubwa watatu wameshika kombe wakitabasamu. Pembeni kushoto kuna kiwiko cha mtu aliyevaa jezi. Hicho ndicho kilichobaki cha timu, kwa sababu aliyekata picha hakukata vizuri.

Aliyekata picha ni mimi.

Nilifika kwa mzee saa tisa na robo, mvua ikipiga mabati kama inayodai kitu. Nyumba iko nyuma ya soko, na sebuleni mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa ukutani kungoja wanunuzi wa kesho. Mzee alikuwa ameketi na gazeti limekunjwa gotini.

"Bwakire, bwana mwandishi," alinisalimu. "Keti. Maandishi yako nimeyasoma mara tatu."

"Nashukuru, mzee."

"Usishukuru bado." Alilifungua gazeti. "Mwalimu mkuu nimemwona hapa. Mheshimiwa nimemwona, hata tumbo lake nimeliona. Mtoto wangu sijamwona. Sasa wewe ulikuwa huko. Niambie kama alikuwa."

Mama Kemunto alicheka kutoka mlango wa jikoni, kicheko kisicho na furaha. "Mimi nilimwambia alikuwa huko. Mwalimu akamwambia. Lakini sisi tutajua nini? Sisi si gazeti."

"Mama ni mama," mzee alisema bila kugeuka. "Na mwalimu atatetea timu yake. Gazeti halina mtoto pale shuleni."

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili na hakuna aliyewahi kuisifu hivyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kemunto aliitwa. Aliingia akiwa na sweta ya shule na mikono yenye utomvu wa ndizi. Ni mrefu, ana mabega mapana, na kovu dogo kwenye kidevu. Alisimama katikati ya sebule kama mtu aliyeletwa mbele ya chifu. Nilimtazama usoni.

Sikumjua.

Niliketi mita sita kutoka alipokuwa akicheza, karibu saa mbili nzima, na sikuijua sura yake. Nilitoa daftari la siku ile. Nilichoandika ni nambari: namba saba, namba tatu, namba kumi na moja. Majina nilipanga kuyachukua baadaye kwa mwalimu wa michezo, na baadaye hiyo haikufika kwa sababu baada ya filimbi nilielekea jukwaa la wageni kunasa nukuu. Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyofanya kazi, na hakuna mhariri aliyewahi kunirudishia habari ya shule kwa kosa la kutokuwa na mwanafunzi ndani yake.

Ningeweza kusema ndiyo, alikuwa huko, tukamaliza. Lakini mzee aliuliza kwa sababu anaamini sisemi nisichokijua. Basi nilifanya jambo ambalo limenikera mchana kutwa. Nilimhoji bingwa wa kanda, nyumbani kwao, mbele ya wazazi wake, kama mshukiwa.

"Ulivaa jezi gani?"

"Saba."

"Seti ya nne mchezo ulisimama. Kwa nini?"

Alimtazama baba yake kwanza, kisha mimi. "Soli ilitoka. Kiatu cha kushoto. Refa alitupa dakika moja. Nikavaa cha Bosibori, yeye akabaki benchi na soksi. Tulikuwa kumi na tisa, wao ishirini. Nikaanzisha mpira nikapata pointi tatu mfululizo na kiatu kinanibana."

Nilifungua ukurasa. *Na. 7 soli imetoka, aazima kiatu cha mchezaji wa akiba. 19–20. Pointi tatu mfululizo.* Nilimpa mzee daftari asome mwenyewe. Yote yalikuwamo isipokuwa jina la Kemunto na jina la Bosibori.

Mzee alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hicho kiatu nilikipeleka kwa fundi Jumatano."

"Na ukamwambia fundi mtoto huyu hajui kutunza vitu," Mama Kemunto alisema. "Sema yote."

 Mzee alinigeukia. "Na basi? Ni kweli liliwaacha?"

"Ni kweli. Liliondoka saa kumi na moja jioni likiwa na wageni, mahema, viti vya plastiki na kombe. Lilikuwa linawahi karamu mjini."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa ndani."

 Niliona mzee akihesabu kichwani saa kumi na moja, na mwendo wa kutoka Nyamira hadi hapa, na jua.

"Kwa hiyo angefika," alisema. "Ulikaa kiti cha nani?"

Kemunto ndiye aliyejibu. 

"Cha Bosibori," alisema. "Wa tatu nyuma ya dereva. Tulikuona ukipanda. Ulikuwa na mwavuli wa kijani. Tulidhani utawaambia watungoje."

Alisema bila ukali wowote, kama anayenisaidia kujaza daftari. Mimi huyaita hayo maelezo ya shahidi. Sijawahi kupewa yenye kuuma hivyo.

Ukweli ni kwamba niliuliza. Nilimwuliza mwalimu mkuu, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi, "Wachezaji je?" Akasema, "Wanafuata." Nilijua hakuna basi la pili. Nilikaa. Njiani aliniambia shule yake inawatia moyo sana wanamichezo, nami nikaandika nukuu hiyo neno kwa neno. Iko kwenye aya ya pili. Nimeihakiki leo, haina kosa hata la nukta.

Kabla ya hapo kulikuwa na hotuba. Saa nzima. Wasichana walisimama mstarini na jasho likiwakaukia mgongoni huku kila mkubwa akieleza jinsi anavyojivunia vipaji vya vijana. Hakuna hata mmoja aliyemwita mchezaji mmoja kwa jina. Aliyekuwa karibu zaidi na kufanya hivyo ni mheshimiwa, aliyesema, "Na yule mrefu, yuko wapi yule mrefu?" Watu wakacheka, akaendelea kuhusu barabara.

Tena wangeweza kumsifu kwa mambo ya kweli, maana yalikuwapo. Pointi ya mwisho ya fainali kila mtu alitarajia namba saba apige kwa nguvu, kwa kuwa alikuwa amepiga kwa nguvu mchana kutwa. Wazuiaji wawili waliruka naye. Yeye akaugusa mpira kwa ncha za vidole, ukaanguka nyuma ya mikono yao polepole, mahali pasipo na mtu. Kufikiri hivyo ukiwa hewani, mguu mmoja ndani ya kiatu cha mwenzako, si jambo dogo. Niliuona mpira huo. Kwenye gazeti niliandika kwamba shule "iliibuka na ushindi".

Mzee alikunja gazeti mara mbili, akaliweka chini ya kiti.

"Kesho utaenda kambini," alimwambia Kemunto. "Pakia vitu vyako. Kiatu nitakichukua kwa fundi asubuhi kabla ya soko."

Nilitarajia aruke. Hakuruka.

"Tata," alimwambia baba yake, "haya yote nilikwambia Jumamosi ile."

Mama Kemunto aliacha kusugua sufuria. Mzee alitazama mikono yake. Ni mtu ambaye, nadhani, amewasomea wengine maandiko kuhusu ushahidi wa uongo mara nyingi.

"Uliniambia," alisema mwishowe. "Sikukusikiliza."

Kemunto aliitikia kwa kichwa mara moja, akarudi jikoni. Alikuwa ameshinda na hapakuwa na sherehe. Na mimi najua sababu. Alisema ukweli siku ya kwanza, kwa lugha iliyonyooka, na ulikaa pale sebuleni siku nane bila thamani mpaka mgeni mwenye daftari alipoupigia mhuri. Mgeni mwenyewe ndiye aliyekuwa amekalia kiti.

Mzee alinisindikiza hadi kizingitini. "Nawe utaliandika lini jina lake?" aliuliza.

Nikasema nitauliza ofisini. Nilimpigia mhariri nikiwa nimesimama chini ya kibanda cha muuza viazi, maji yakinitiririka shingoni. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema habari hiyo imeshapita, na kama ninataka kuwasaidia hao vipusa, Ijumaa timu itakapoondoka kwenda mashindano ya kitaifa nitume picha safi ya mheshimiwa akiwaaga.

Nilimwambia anayestahili picha hiyo ni mtoto aliyeshinda fainali na kiatu cha kuazima. Hakunielewa. Sikurudia.

Kwa hiyo naandika hapa, ambapo hakuna wa kunikata. Alama tatu mfululizo katika seti ya nne ya fainali ya kanda, pamoja na ile ya ushindi, zilitoka mkononi mwa Kemunto, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kutoka Keumbu. Aliyemwazima kiatu na kuketi na soksi kwenye saruji baridi ni Bosibori. Wengine kumi siwajui kwa majina, na hiyo ni aibu yangu, si yao.

Hasira nimeigawa sasa. Mwalimu mkuu ana fungu lake, mheshimiwa na mhariri wana yao. Lakini nikiyaweka mezani, fungu kubwa limebaki upande wangu, maana wao hawakudai kuwa wanasema kilichotokea. Mimi ndiye niliyedai hivyo, na katika miaka hiyo ishirini na miwili nimeripoti mashindano mengi ya shule. Ni nyumba ngapi nyingine, Tabaka au Nyacheki, zilizofungua gazeti langu kumtafuta mtoto zikampata mwalimu mkuu?

Mazoezi ya kambi yanaanza kesho saa nne asubuhi. Nitapita uwanjani kabla ya kupita ofisi yoyote. Nitampata Bosibori kwanza, nimwombe radhi kwa kile kiti. Kisha nitawapa daftari na kalamu waandike majina yao wenyewe, wote kumi na wawili, nisije nikakosea hata herufi moja.