Punje za Fomu ya Sitini

Kiwanda cha Kukoboa Kahawa,
S.L.P. 17,
Ruiru.
Jumapili, 20 Aprili, 1958.

Mpendwa Kaka Wainaina,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumbani kwenu. Je, u mzima? Kifua kimeacha kukusumbua? Katika barua yako ya mwisho ulisema theluji ilikuwa imefika dirishani, na kwamba koti ulilopewa na watu wa kanisa lina mikono mifupi. Mama yako, Mama Mkubwa wangu, aliposomewa maneno hayo alicheka, kisha akaniuliza kama huko Boston hakuna hata mtu mmoja anayejua kushona.

Sisi hatujambo. Mvua imeanza vizuri na mahindi yametoka ardhini. Dada yako Njambi amepona malaria, na mama yako anatembea kwenda kanisani bila fimbo, ingawa goti bado linamuuma kukiwa na baridi.

Sasa, kaka, niruhusu nikasirike. Mimi ni mdogo wako na sina mazoea ya kukupandishia sauti, lakini nimemeza maneno haya tangu Januari na yamenikaa kooni.

Ulinitumia fomu sitini. Ulieleza kwamba bila fomu hizo hutaweza kuandika ile kazi ya mwisho ya digrii yako ya juu ya afya ya jamii, na kwamba profesa wako anazitaka kabla ya Juni. Nilielewa. Tena nilifurahi kwamba katika ukoo mzima ulinichagua mimi. Lakini uliandika pia, na barua ninayo hapa, kwamba ni kazi ndogo, ya jioni mbili tu.

Jioni mbili! Kaka, umetoka hapa miaka mitatu tu. Jioni ipi? Tangu tuhamishiwe katika kijiji hiki, giza likiingia kila mtu yuko ndani ya nyumba yake kwa amri ya serikali, na anayeonekana nje ana maelezo ya kutoa. Mchana niko kiwandani. Zilibaki Jumapili, kuanzia watu watokapo kanisani hadi saa kumi na moja. Basi zile jioni zako mbili zimenila Jumapili kumi na moja.

Na maswali yenyewe! Swali la kwanza: ni watu wangapi walilala katika nyumba hii usiku wa jana? Najua kwamba ninyi mnataka kujua kama watu wamebanana. Lakini hapa swali hilo huulizwa na askari, na huulizwa mlango ukigongwa kwa kitako cha bunduki. Nilipomuuliza Nyanya Wamboi wa nyumba ya mwisho, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni. “Nililala mimi na mlango wangu,” akasema. “Mlango uliamka kwanza. Andika hivyo, umpelekee aliyekutuma.”

Swali la nne linauliza watu wa nyumba huenda wapi kujisaidia, na kama watoto huenda mahali hapo hapo. Ulitaka nimuulize nani, kaka? Wake za baba zetu? Niliuliza nyumba mbili, nyumba ya tatu nikaufunga mdomo. Hata hivyo habari zilifika kiwandani kabla yangu. Musau, yule wa mizani, sasa ananiita Bwana Choo. Kila ninapoinuka mezani anatangaza, “Tulieni, karani anakwenda kufanya utafiti.” Wanacheka mpaka meneja anatoka ofisini.

Lakini swali la saba ndilo lililonimaliza. Mama amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Umesahau kofi ulilopigwa na mama yako siku ulipotuhesabu kwa kidole tumekaa mekoni? Ulikuwa na miaka minane, mimi mitano, na nililisikia kofi hilo utadhani nimepigwa mimi. Mtu wa kwetu hahesabu watoto. Unajua. Nikimuuliza mama yeyote watoto wake ni wangapi, ananijibu, “Ni hawa unaowaona.” Nikimuuliza waliokufa, anainuka kwenda kuangalia moto hata kama moto hauna neno.

Hadi katikati ya Machi nilikuwa na fomu sita. Nitakukiri jambo moja. Siku moja nilibaki ofisini saa ya chakula nikajaza nyingine nne kwa kichwa changu. Ni kazi rahisi sana kwa karani. Nilizaa watoto, nikawaua wengine kwa kikohozi, wengine kwa kuhara, na hesabu ikakaa sawa. Kisha nikasoma nilichoandika. Nilizichoma nyuma ya stoo, na kwa hiyo usishangae kwamba nne hazimo.

Aliyenitoa katika shida hiyo ni mama yako. Alinikuta nimekaa na karatasi zako magotini akaniuliza kama ni lazima mtu aseme kwa mdomo. Nikamwambia wa Boston hawahitaji mdomo, wanahitaji hesabu. Akafikiri kidogo, akaenda akaleta kibakuli cha njahi, yale maharage meusi ya kwetu, na kibakuli cha mahindi. Njahi, alisema, kila mama alipikiwa alipojifungua. Basi aweke njahi moja kwa kila mtoto aliye hai, na punje ya mahindi kwa kila asiyekuwepo. Aweke peke yake, bila kutazamwa. “Wewe hutahesabu watoto,” akaniambia. “Utahesabu mboga.”

Nilikunja vipakiti vya gazeti, kama vile vya dukani vya sukari, nikavitia namba, bila majina. Jumapili iliyofuata Pasaka wanawake walikuja kwake baada ya ibada. Ndani alikuwa ametundika blanketi. Mmoja mmoja waliingia nyuma ya blanketi hilo, wakatoka na kipakiti kimefungwa, wakanipa pasipo neno. Yale maswali mengine waliyajibu nje wakisukana nywele, hata lile la nne, kwa sababu Idah wa kwa fundi baiskeli alilijibu kwa sauti kubwa kwa niaba ya kijiji chote. Kaka, nilifurahi. Nilipata fomu thelathini na moja kwa siku moja.

Huenda wewe umeshaona kosa langu. Mimi sikuliona, na ninajisifu kwamba ni mtu mwangalifu. Nyumba yenye giza. Blanketi limetundikwa. Wanawake wanaingia mmoja mmoja, wanatoka kimya, na ndani kuna nafaka katika vibakuli. Unadhani mpita njia atafikiri ni afya ya jamii?

Askari wa hedimani, mkuu wa kijiji chetu, waliingia watatu. Wa kwanza alilirarua blanketi, akauliza kwa ukali, “Mnakula nini humu?” Nilijua anauliza juu ya kiapo cha watu wa msituni, na kila mtu alijua. Ni Idah aliyemjibu: “Njahi mbichi. Karibu, baba, kama meno yako yanaweza.” Mwanamke mmoja alicheka, kisha wote, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoniokoa na virungu. Lakini hakikuniokoa na safari. Walinichukua mimi, vipakiti vyangu na fomu zako zote.

Nilikaa kwenye benchi la hedimani Gichuru tangu saa saba hadi jua lilipokuwa linazama. Alisoma barua ya chuo chako, ile yenye muhuri mwekundu, akasoma na fomu. Kwenye swali la kwanza alisimamisha kidole. “Hili swali ni langu,” alisema. “Huyu ndugu yako wa Amerika amelitoa wapi?” Nilijaribu kumweleza msongamano wa watu na magonjwa ya kifua. Nilisikika kama mtu anayetunga uongo.

Akaanza kufungua vipakiti. Cha kwanza kilikuwa na njahi nne. Cha pili njahi tatu na mahindi mawili. Cha tatu kilikuwa na njahi moja, na mahindi saba. Alizisukuma punje kwa ncha ya kalamu mezani, moja moja. Akaniuliza vipakiti ni vya nani. Nikasema sijui, na nilimshukuru Mungu kwamba ni kweli sijui. Kisha akaniuliza kama fomu inataka kujua walikufa mwaka gani. Nikasema ndiyo, lakini hakuna aliyejibu. “Kijiji hiki kina miaka minne,” alisema, si kwangu hasa. Akazirudisha punje ndani ya gazeti, akanipa vipakiti vyote pamoja na fomu, na kuniamuru nipeleke habari yangu Thika kwa D.O., yule afisa wa wilaya, kabla sijamuuliza mtu mwingine neno lolote.

Siandiki zaidi juu ya hayo. Barua husomwa njiani, na kama kuna bwana anayeisoma hii kabla yako, naomba aone kwamba ni habari za afya tu.

Jumanne nilikwenda Thika kwa ruhusa ya nusu siku. D.O. sikumwona. Nilimwona karani wake mkuu, Bwana Wamalwa, mtu mpole, mwenye orodha ya idara zote za serikali chini ya kioo cha meza yake. Aliitafuta afya ya jamii kutoka juu hadi chini, hakuiona. “Hii ni afya ya nani hasa?” akaniuliza. Nikasema ya watu wote. “Basi watu wote walete maombi,” akasema. Hakuwa anafanya mzaha. Akaichukua pasibuku yangu, akaifungia kwenye droo mpaka shauri litakapoamuliwa.

Unaelewa maana yake? Bila kitabu hicho siwezi kuvuka kutoka kijijini kwenda kiwandani. Wiki hii nimepita kwa cheti cha siku saba ambacho Bwana Wamalwa aliniandikia kwa huruma yake, na siku hizo zinaisha keshokutwa. Meneja amesema nikikosekana kazini hata siku moja, meza yangu ina mtu. Miaka kumi na miwili ya shule, kaka, na nitaipoteza kwa ajili ya njahi.

Kwa hiyo naomba, na hapa sikasiriki, naomba. Mwambie profesa wako amwandikie D.O. wa Thika leo hii, barua ya taipu yenye muhuri, ieleze wewe ni nani, mimi ni nani, na hii ni elimu gani. Na kabla ya barua, piga simu ya maandishi, hata ikiwa ya maneno sita. Barua hii itakufikia siku zangu saba zimekwisha, na mpaka hapo nitaishi kwa huruma ya Bwana Wamalwa, basi usingoje kumaliza mtihani. Mimi sina mtihani, nina keshokutwa.

Fomu nilizokutumia humu ni thelathini na saba. Sita za mwanzo na thelathini na moja za Mama Mkubwa. Sababu za vifo nimeziacha wazi kwa sababu hakuna aliyenipa, na sitazitunga. Zilizobaki sitazifanya mpaka nipate ruhusa, hata profesa akilia.

Imebaki moja. Fomu ya sitini ilikuja kutoka kwako ikiwa imeshajazwa. Uliandika kwamba ni ya nyumba yenu, na majibu yake unayajua, nisimsumbue mama yako. Waliozaliwa watano, walio hai wanne, aliyekufa mmoja.

Jana Mama Mkubwa alikuja kwangu akauliza kama yake haihitajiki. Nilishindwa kumficha. Nilimsomea ulivyoandika. Akaomba kipakiti, akaingia chumbani kwangu na vibakuli vyake, akatoka nacho kimefungwa. Niliponyoosha mkono kukichukua, akauliza ni nani atakayekifungua. Nikamwambia, si mimi, ni Wainaina mwenyewe.

Alisimama hapo na kipakiti chake. Kisha akasema, “Kumbe ni yeye,” akarudi ndani, akasukuma mlango. Nilisikia karatasi inafunguliwa. Nilisikia punje zinadondoka, na nikaanza kukohoa kwa makusudi ili nisihesabu.

Kipakiti hicho nimekishona kwa uzi kwenye kona ya bahasha hii. Fomu yako ya sitini nimeiambatisha, na sikuigusa kwa kalamu. Sijui ndani mna nini. Najua tu kwamba nimekipima mkononi, nikapima na punje tano ndani ya kipande cha gazeti mkono wa pili, na chake kilikuwa kizito zaidi.

Nikamuuliza, kwa kuwa karatasi yako inauliza, kama ana la kusema juu ya sababu. Alisema hilo utamwuliza mwenyewe, siku utakayokuja, mkikaa mekoni.

Njambi anakusalimu, na Idah, na Nyanya Wamboi, ambaye sasa anataka kujua kama mlango wake umeandikwa. Musau anamsalimu daktari wa vyoo. Mungu akulinde na baridi, akupe kichwa chepesi siku ya mtihani, na akurudishe kwetu mzima.

Mdogo wako akupendaye, hata leo,

Elijah Muigai