Mguu wa Idi Kwenye Klachi

Jumatano jioni, Majengo. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na baridi hii ya Julai inapenya mpaka kwenye godoro. Mlima hatujauona wiki nzima. Na yale ya leo mtoni bado hayajanitoka.

Acha niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Mtihani wa udereva ni Ijumaa. Nikifaulu, gari la Pijo la marehemu mume wangu Idi linabaki hapa mlangoni, na biashara yangu ya leso inaendelea kama zamani: Karatina siku ya soko, Kiganjo, na kule Mwea wakulima wakishauza mpunga. Nikianguka, shemeji Rajabu analichukua gari. Ndivyo tulivyokubaliana mbele ya mama mkwe siku nilipotoka eda. Rajabu alikubali huku anacheka. "Shemeji, utaendesha nini wewe? Hata baiskeli ulikuwa unabebwa." Nikamwambia tutaonana huko huko kwenye mtihani. Mdomo huu utaniponza siku moja.

Mwalimu wangu ni Mzee Juma, jirani wa pale karibu na msikiti, aliyeendesha malori maisha yake yote. Ni mtu mwema lakini subira hana. Na kwa kuwa mjane hawezi kuonekana garini peke yake na mwanamume, hata awe mzee wa kutafuniwa nyama, mama mkwe anapanda nasi. Anakaa nyuma, kajifunika blanketi, tasbihi mkononi. Gia ikikwaruza anasema "Innalillahi" kwa sauti, kama anayepokea habari ya msiba. Watoto wa mtaani wameshatuzoea. Wakiona gari linarukaruka wanajua Bi Zuhura anakwenda shule.

Shida yangu si mkono. Mkono unajua gia zote.

Hili sijamweleza mtu. Gia ya Pijo iko kwenye usukani, upande wa abiria. Idi alipokuwa hai nilikaa pale kushoto kwake, na safari zote za sokoni tulikuwa na mchezo wetu: yeye anakanyaga klachi, mimi natia gia. Hakuwa ananiambia kitu. Nilisikia tu gari likishusha pumzi, nikajua amekanyaga, nikatia. Inaingia laini, kama kisu kwenye parachichi lililoiva. Idi alisema sisi wawili ni dereva mmoja, na mimi mjinga nikafurahi.

Sasa mkono wangu unangoja mguu wake.

Ndiyo maana gia zinalia. Mzee Juma anafoka, "Klachi, mama, klachi!" Hajui kwamba kila ukifika wakati wa kubadilisha, ndani yangu kuna kitu kinatulia, kinasubiri mwingine akanyage. Na siku nyingine, wallahi, anakanyaga. Naisikia ile pumzi ya gari. Nanusa sabuni yake ya kunyolea. Natia gia, na chuma kinapiga ukelele, maana hakuna mtu aliyekanyaga kitu. Nimesoma dua zote ninazozijua. Sijui nasoma ili aondoke au ili abaki.

Basi leo Mzee Juma akasema twende upande wa King'ong'o, nizoee milima. Kabla ya daraja la Chania kuna mteremko mrefu. Madereva wengi wa huku wakifika pale juu wanatoa gia, wanaliacha gari liteleze lenyewe mpaka chini, ati wanaokoa petroli. Idi naye alikuwa mmoja wao. Nilikuwa namgombeza weee, kisha mimi mwenyewe ndiye ninayemtolea gia.

Tulipofika juu mkono ulikwenda wenyewe. Sikuutuma. Ukavuta, gia ikatoka, na gari likaanza kukimbia kimya kimya ndani ya ukungu.

Na nikasikia raha.

Hiyo raha ndiyo inayonitisha sasa ninapoandika. Kwa kitambo kidogo nilikuwa abiria. Mume wangu alikuwa ananipeleka sokoni, na leso zangu ziko nyuma.

Mzee Juma akaanza kupiga kelele nirudishe gia. Nilipokanyaga breki gari likayumba, maana lami ilikuwa imelowa, na upande wa mto sikuona kitu ila weupe mtupu. Mkono uko kwenye gia. Mguu wa kushoto umekaa tu kama si wangu. Nilikuwa nangoja. Nilijua kabisa kwamba nangoja, na bado nikangoja.

Ndipo mama mkwe akasema kutoka nyuma, bila kupaza sauti:

"Kanyaga wewe, mwanangu. Idi hayuko."

Huyu mama, tangu tumzike mwanawe, hajawahi kutamka neno kama hilo. Watu wakija kumpa pole anawajibu kwamba Idi amesafiri. Mimi na Rajabu hatukubaliani kwa lolote, lakini kwa hilo tulikubaliana tumwache.

Nikakanyaga. Mguu wangu, mimi mwenyewe. Gia ya tatu ikaingia, kisha ya pili, injini ikavuma na kulishika gari, na tukafika darajani polepole kama watu wanaotoka harusini. Mzee Juma alijifuta jasho katika baridi ile yote, akasema, "Haya. Hiyo sasa ndiyo gia." Huko nyuma sikusikia Innalillahi. Nilipotazama kwenye kioo, mama alikuwa amejifunika blanketi mpaka usoni, na blanketi lilikuwa linatikisika.

Kurudi nilibadilisha gia njia nzima bila kukosea hata moja. Na nitasema kweli: kabla ya kila gia nilikawia kidogo, nione kama atakanyaga. Wapi! Hakuna pumzi, hakuna sabuni. Garini tulikuwa watu watatu, basi.

Mzee Juma ametangaza mtaa mzima kwamba Ijumaa nitafaulu hata nikifungwa kitambaa machoni. Majirani wamekuja kunipongeza, nimewacheka na kuwapa chai. Walipoondoka, mama mkwe akaja kukaa kando yangu kitandani. Akazungusha tasbihi mpaka mwisho.

"Nawe ulikuwa unamsikia," akasema.

Sikuweza kumdanganya. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mimi nilikuwa napanda gari lile kwa ajili hiyo tu," akasema. "Si kukulinda wewe. Sasa tumemwacha pale mtoni, Zuhura?"

Nilimwambia sijui. Tukalia wote wawili, mimi na yeye, jambo ambalo hatukulifanya pamoja hata siku ya mazishi. Sasa amelala kwenye kitanda changu na viatu vyake miguuni, sijataka kumwamsha.

Gari litabaki kwetu, inshallah. Rajabu atanuna, atazoea. Wiki ijayo nitapakia leso zangu na kuteremka mteremko ule tena, mama akiwa nyuma, na kiti cha kushoto kikiwa hakina mtu. Nikifika darajani nipunguze mwendo, au nipite tu?