Kilele Ulichomgawia Mdachi

Kwako Mkude, mtoto wa mwanangu,

Salamu utazipata ukizistahili. Anayeniandikia ni mke wa mwalimu, na nimemwambia asilainishe hata neno moja.

Ulikuwa bado unabebwa mgongoni nilipokuzoesha kile kilele. Nilikukalisha juu ya jiwe, penye shamba langu la maharage, nikakugeuza uso huku na huku: kule Mindu, kule mbuga ya Mkata, na huku migongo ya milima, kila mgongo na watu wetu. Ukanyooshea kidole moshi wa ng'ambo. "Bibi, wale wanapika nini?"

"Wanapika wambea kama wewe."

Ukacheka mpaka ukapaliwa.

Siku uliyozaliwa nilipanda palepale nikapiga vigelegele. Dada yangu akaitikia kutoka ng'ambo ya bonde, "Dume au jike?"

"Dume! Na kwa kelele linanishinda mimi!"

Milima yote ikapata habari zako asubuhi ileile. Na baba yako alipokufa nilipiga ukunga, yowe la msiba, hapohapo, watu wakaja na majembe ya kuchimba kaburi, hata mjumbe sikutuma.

Sasa umenipandishia Mdachi wako wa boma. Kafika anahema kama mbuzi mwenye mimba, katazama, kafurahi, kauliza kwa Kiswahili chake cha kukwaruza kilele ni cha nani. Nawe na kofia yako ya ukarani: "Chetu, bwana. Chukua tu." Mkayakanyaga maharage yangu mkipigilia vigingi.

Nikakuuliza anataka nini.

"Nyumba ya kupumzika, Bibi. Anapenda kutazama mbali. Ila akishajenga hataki mtu apite hapa, wala kelele."

"Atamtazama nani? Ana ndugu gani huko?"

Ukapigilia kigingi kingine.

Chetu! Wewe ukoo wako ni wa mama yako, na ardhi yao iko bondeni. Kilele hiki ni cha ukoo wa mama yangu, tunaachiana sisi wanawake. Baba yako nilimzaa mimi, na hata yeye asingethubutu kukigawa. Itakuwa wewe?

Vigingi nimeving'oa, nikapikia. Vinawaka vizuri.

Rudi bomani ukamwambie umegawa kisicho chako. Najua kiboko kipo. Wakikuchapa, njoo. Nitakukanda huo mgongo kwa mikono yangu, nikupikie maharage mliyoyabakiza, na nikutukane mpaka upone.

Umesema mvua zikikatika mnakuja kuchimba msingi. Mtanikuta nimekaa juu ya jiwe letu. Ukija peke yako, nitapiga vigelegele milima yote ijue nimepata mjukuu tena. Ukija naye na kamba yake ya kupimia, nitapiga ukunga wa msiba na kulitaja jina lako. Watu watakuja na majembe kukuzika, nawe utawaeleza mwenyewe kwa nini bado unapumua.

Mimi bibi yako, mama wa baba yako,
ninayekungoja juu.