Wajina Wawili, Dawa Moja

Kaptembwo, Nakuru
10 Februari 2025

Kwa kaka Jamleck,

Natumai barua hii itawakuta salama huko Naivasha, na kwamba kifua cha mkeo Nekoye kimetulia. Sisi tu wazima wa mwili. Ninaandika kwa sababu kwenye simu nitalia, nawe hupendi.

Mwalimu Cheptoo amenipa hadi mwisho wa muhula. Waithera wangu alipanda dirishani tena, akawamwagia wenzake uji. "Mama Waithera," akaniambia mbele ya wazazi, "huyu si mtoto, ni upepo. Mtafutie kwingine." Shule mbili zimekwisha kumkataa.

Waithera wako alikuwa hivyo hivyo hadi alipoanza tembe za umakini. Leo ni wa tatu darasani. Nitumie hizo. Mama anasema wote wawili ni wajina wake, mtu mmoja katika miili miwili: kilichomfaa mmoja hakiwezi kumkataa mwingine.

Dadako,
Mugure

Naivasha
19 Februari 2025

Kwa dada Mugure,

Nashukuru kwa salamu. Mke wangu amepata nafuu. Mama yuko nasi hadi Jumapili. Anakula vizuri na kunikosoa vizuri zaidi.

Siwezi kuzituma. Mimi ni mfamasia. Dawa hii haitoki kabla daktari hajamwona mtoto. Watafiti wamewapiga watoto picha za ubongo kabla na baada ya kumeza dawa. Ubongo wao haukuitikia kwa namna moja, na sehemu ya tofauti hiyo iliandamana na jeni walizorithi. Wala sijaona kipimo cha damu ninachoweza kukiamini kinitabirie mtoto ambaye itamfaa. Daktari huanza na dozi ndogo, kisha hutazama.

Jina tuliwapa sisi, mwili haulisomi. Wako amerithi pia kwa baba yake Kiarie, wangu kwa mama yake Nekoye. Mpeleke kliniki.

Kakako,
Jamleck

Kaptembwo
6 Machi 2025

Kaka,

Hamjambo huko? Mimi sijiwezi.

Mama alirudi kutoka kwako na tembe kumi na nne, amezifunga katika kitambaa cha kichwa. Nilimwambia kliniki wamenipangia mwezi wa Mei. "Basi Mungu ametangulia," akasema. Nimempa mtoto kumi na moja, moja kila asubuhi.

Shuleni wanafurahi. "Mama, endelea hivyo hivyo," asema Mwalimu Cheptoo, "sasa ana adabu." Anayo, kaka: hukaa alipowekwa. Chakula hali. Nikimgusa kifuani, moyo unakwenda kama wa kuku aliyekamatwa. Jana nilimwita mara nne, uso kwa uso, asiitike.

Nikiacha, watamfukuza. Nikiendelea, nitabaki na nani?

Dadako,
Mugure

Naivasha
8 Machi 2025

Dada,

Nimekupigia mara sita, hushiki simu. Barua hii nimempa Omolo, dereva wa lori la maua, akufikishie leo.

Usimpe hata moja zaidi. Mpeleke hospitali sasa hivi, umweleze daktari yote, pamoja na idadi.

Tena kuna jambo ambalo ni lazima ulijue. Tembe za mtoto wangu huzihesabu kila Jumapili. Tarehe 23 zilipungua kumi na nne, na nilijua zilikokwenda. Nilikusudia kukupigia Jumatatu. Jumatatu nikajiambia huenda zikamfaa. Nilitaka kuona, Mugure. Mimi niliyekuandikia yale yote nilingoja siku kumi na tatu ili nione.

Niruhusu nije.

Kakako,
Jamleck

Kaptembwo
21 Machi 2025

Kwa Jamleck,

Msalimu Nekoye na mtoto.

Waithera alilazwa siku tano. Moyo umerudia mwendo wake, na juzi alikula ugali nusu sahani. Baadaye daktari atajaribu dawa ya aina nyingine, kidogo kidogo, hakuahidi kitu. Shule imemtoa.

Siku tuliyofika, daktari aliuliza ni nani aliyempa zile tembe. Mama alikuwa kando yangu. Barua yako ilikuwa mkobani mwangu. Daktari alishika kalamu, akingoja.

Nikamwambia: ni mimi, peke yangu.

Usije.

Mama Waithera