Elektroni Hazikukawia

Machi 4

Dada,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mama anaendelea, jana alishika kijiko mwenyewe, supu ikaishia shingoni, akacheka. Mimi mwili haujambo, roho ndiyo inachemka.

Nimeisoma makala yako jaridani. Jina langu umelifuta, haya. Lakini vipimo vile! Tulikuwa wote maabara. Pigo la kwanza la mwanga wa leza linairusha elektroni juu ya uso wa shaba, la pili linatazama kama bado iko juu au imeshaanguka. Siku ile mapigo yenyewe yalikuwa yamerefuka. Yaliyokawia ni mapigo, si elektroni. Nilikwambia, ukasema, "Tutarudia." Sasa umeitangazia dunia kwamba elektroni zinakaa juu mara tatu ya muda waliopima wengine. Huoni haya?

Mdogo wako

Machi 15

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie mama namkumbuka.

Uliniachia pampu inayonguruma na profesa anayenguruma kuishinda. Nani aliyekuwa akiisafisha shaba ile kila asubuhi, peke yake? Profesa alitaka makala, nikampa. Linaandikwa jina la aliyepo. Usinifundishe kazi niliyokufundisha mimi.

Dada yako

Machi 20

Dada,

Shikamoo, ingawa leo inanikwama kooni.

Aliyepo! Mama alipoanguka kwa kiharusi, nani alisema, "Nenda wewe, masomo yako yanaweza kusubiri"? Kila siku ananiuliza kama umepiga simu. Nimechoka kukutungia salamu.

Rudia kipimo. Usiporudia, nawaandikia wahariri mwenyewe, undugu tuuweke pembeni.

Mdogo wako

Mei 2

Mdogo wangu,

Marahaba. Hali sikuulizi, najua umenuna.

Nimerudia, mapigo yakiwa mafupi kama inavyotakiwa. Elektroni zinaanguka upesi vilevile kama walivyopima wengine. Nikarudia tena nikiomba uwe umekosea. Hukukosea, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Makala nimeiondoa. Profesa alipiga meza: "Toka!" Nikatoka, lakini kwanza nilimwambia ni nani aliyeiona kasoro tangu siku ile. Nafasi yako ameiacha wazi. Anahitaji mtu anayeijua leza, na mimi simo tena.

Jumamosi nafika kukaa na mama. Wewe panda gari la asubuhi, tupishane njiani. Tukikutana mlangoni sasa hivi, sijui kama nitakukumbatia au nitakuzaba kofi, na sitaki mama aone.

Dada yako