Mikono Isiyopakwa Mafuta

Amalemba, Kakamega

Mama yangu mpendwa,

Sitaki kuwa mwalimu. Nimeanza na hilo kabla woga haujanirudia. Hakuna mwingine anayejua, hata shangazi ninayeishi kwake. Ningekupigia, lakini Baba huweka simu sauti kubwa, na tayari ametangazia kanisa zima kuwa nitaingia chuo cha ualimu.

Hujambo lakini? Mgongo umepoa? Mahindi mmemaliza kupalilia? Mimi ni mzima, na ninakula nikashiba.

Ile kazi ya kuosha vioo vya maabara pale zahanati ilikaribia kunishinda. Damu iliyopakwa kwenye vioo vyangu ili kupimwa malaria ilikataa kushika. Ikioshwa tu, inabanduka na kuacha matundu. Watoto wakawa wanadungwa vidole mara ya pili, na mama zao wananuna. Madam Khasoa, mkuu wa maabara, akanishika mkono mbele ya watu.

"Wewe msichana, umejipaka nini?"

"Mafuta, Madam."

"Unang'aa kama andazi! Sasa damu itashika wapi?"

Walicheka wote. Nilitamani kuingia chini ya meza. Mama, ni yale mafuta uliyonifungia ukisema msichana hatoki nyumbani amepauka.

Kesho yake sikujipaka. Niliosha mikono kwa sabuni, vioo nikavishika kwenye kingo tu. Madam alipaka damu, akaiacha ikauke, akaitia rangi, akaimwagia maji. Haikutoka! Akaniita kwenye hadubini. Niliona chembe nyekundu za mviringo, zimelala zimeng'ang'ania kioo kana kwamba zimezaliwa pale. Aibu ikaniisha, nikauliza:

"Kwa nini hapa zinashika na jana hazikushika? Mafuta yanazifanya nini?"

Madam akacheka. "Tangu uje hujaniuliza hata choo kiko wapi. Hilo nenda ukalisomee."

Ndilo ninalotaka, Mama. Kusomea maabara.

Nisalimie Kukhu, na umwambie mjukuu wake hajasahau kusonga obusuma. Msalimie pia kaka Shivachi, mchungaji wa ng'ombe wetu.

Nakuja Jumamosi. Nitamwambia Baba mwenyewe, akishakula. Mpaka hapo, tafadhali, iwe siri yetu wawili. Na akinipokea mlangoni akashangaa mikono yangu ilivyopauka, mwambie ni sabuni ya mjini.

Binti yako,
Mmbone